Kuomba msaada wa ndugu na majirani kabla ya upasuaji mkubwa: mwongozo kwa familia za Tabora

Hapa Tabora mtu akifariki, turubai hufungwa kabla saa moja haijaisha, masufuria makubwa huletwa na kikundi cha akina mama, mzee mmoja hukaa chini ya mwembe na daftari la michango, na hakuna anayeuliza afanye nini kwa sababu kila mmoja anaijua kazi yake. Mtu huyohuyo akiwa hai na amepangiwa upasuaji mkubwa, familia hujifungia ndani, huwaambia wanaouliza kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na majirani hupata habari kamili wakati ambapo msaada wao hauwezi tena kubadili jambo. Nilifanya kosa hilo la kunyamaza mama yangu alipopangiwa upasuaji wa tumbo, na nikajikuta saa tatu usiku nikipiga simu kwa watu niliokuwa nimewakwepa mwezi mzima, nikiwaomba waje kuchangia damu asubuhi yake. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu angenieleza siku ile tulipopewa tarehe.

Hatua ya 1: Muulizeni mgonjwa nani ajue nini

Ugonjwa ni wa mgonjwa kabla haujawa wa ukoo. Wapo wanaoogopa husuda, wapo wanaoamini kwamba habari ikitembea na ubaya hutembea nayo, na wapo wanaoona haya tu, hasa mwanamume mwenye tezi dume au mama anayeondolewa kizazi. Hofu hizi hazitibiwi kwa kubishana nazo. Kaeni naye mkiwa wachache, mwelezeni kwamba bila watu hakuna damu, hakuna zamu ya usiku wala chakula wodini, kisha mumwachie aamue mipaka mwenyewe. Sisi baadaye tulikubaliana kwamba mtaa mzima ungejua kuwa mama anafanyiwa upasuaji na siku yenyewe. Wale watakaosaidia wangejua hospitali, wodi na mahitaji. Jina la ugonjwa na majibu ya vipimo vingebaki kwa watu wanne. Kila aliyedadisi zaidi ya hapo alijibiwa, "Mengine mwenyewe atayasema akipona," na wengi walielewa.

Jambo jingine la kulimaliza mapema ni ridhaa. Mtu mzima mwenye akili timamu hutia saini fomu ya ridhaa mwenyewe baada ya kuelezwa upasuaji na hatari zake. Mjomba anayetaka kikao cha ukoo kwanza asikilizwe kwa heshima, lakini kikao hakimkubalii wala hakimkatalii mgonjwa.

Hatua ya 2: Pateni majibu ya hospitali kabla ya kumwomba mtu yeyote

Ombi lisilo na kiasi humfanya mtu atoe pole na kuondoka. Kwa hiyo nendeni na daftari, mkaulize upasuaji utafanyika lini, zitahitajika chupa ngapi za damu, gharama inayobaki kwa familia ni kiasi gani, mgonjwa atalazwa siku ngapi, na wodi inaruhusu nani abaki naye usiku. Ulizeni pia kama upasuaji unaweza kusubiri wiki kadhaa au hauwezi, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua namna ya kuchangisha.

Mahali pa upasuaji hubadili mpango wote. Mgonjwa akihudumiwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, chakula kinaweza kutoka nyumbani Isevya au Ng'ambo kikiwa bado cha moto. Akipelekwa Nkinga wilayani Igunga, au Bugando kule Mwanza, atakayemuuguza anahitaji nauli, mahali pa kulala na fedha ya kula, na mara nyingi gharama hizo huishangaza familia kuliko za upasuaji wenyewe. Katika hali hiyo tafuteni kwanza mwenyeji: mtoto wa shangazi anayeishi Mwanza, muumini wa kanisa lenu, au mtu mliyesoma naye. Chumba kimoja cha kufikia kina thamani kuliko michango ya watu kumi.

Mwenye bima aonyeshe kadi yake mapema na aulize inalipia nini hasa na katika ngazi gani ya hospitali, na asiruke ngazi bila fomu ya rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023 na inabadilisha taratibu, kwa hiyo msitegemee alichowaambia jirani aliyetibiwa miaka ya nyuma. Asiye na uwezo aende kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulazwa, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha katika sera ya afya ya nchi. Barua hiyo huchukua siku, na mwenyekiti wa mtaa hayupo kila anapotafutwa.

Hatua ya 3: Teueni msimamizi na mtunza fedha

Msimamizi asiwe mume, mke wala mtoto anayelala hospitali, kwa sababu huyo atakuwa amechoka na kila simu itamkuta analia au anazungumza na muuguzi. Wifi au shemeji hufaa sana: ni wa ndani kiasi cha kujua mambo, ni wa nje kiasi cha kuweza kumwambia mtu "hapana". Mtunza fedha awe mtu mwingine, na namba ya simu ya kupokelea michango iwe moja tu, ambayo jina linalojitokeza wakati wa kutuma linajulikana na wote. Habari za mgonjwa zitoke kwa msimamizi peke yake. Tulipokuwa na wasemaji watatu, mama alikuwa ametoka chumba cha upasuaji kwa mujibu wa mmoja, bado yumo kwa mujibu wa wa pili, na kwa mujibu wa wa tatu tulitakiwa kutafuta gari la kurudisha maiti.

Hatua ya 4: Damu

Hapa ndipo msaada wa jamii hauna mbadala, kwa kuwa damu haitengenezwi kiwandani na haipaswi kuuzwa. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi kipo hapahapa Tabora, lakini kituo hakina damu zaidi ya ile watu waliyoitoa, ndiyo maana familia huombwa kuleta wachangiaji.

Mchangiaji anatakiwa awe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu unaotosha, jambo ambalo hupimwa palepale kwa tone la kidoleni. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii. Damu inayotolewa kwa mara moja ni takriban mililita 450, na kabla haijatumika hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende. Si lazima mchangiaji awe na kundi moja na mgonjwa, kwa sababu damu yake huingia katika akiba na mgonjwa hupewa inayomfaa. Ndugu wengi hubaki nyumbani wakidhani kundi lao halihitajiki.

Usiku ule nilipata watu sita. Asubuhi wakakubaliwa wawili. Mmoja alikuwa hajala tangu chakula cha mchana cha jana yake, akiamini kwamba mchangiaji hufunga kama mgonjwa, na alipoinuka kwenye kiti akapepesuka. Wa pili alikuwa katikati ya dozi ya malaria. Binamu yangu, ambaye kwa koti lake anaonekana mnene, mzani ulimsoma kilo 47. Wa nne alikuwa amechangia mwezi uliotangulia katika msiba wa ajali, akasahau, na kadi yake ikamkumbusha. Tangu siku ile ushauri wangu ni huu: mkiambiwa chupa tatu, tafuteni watu wanane, waende wiki moja au zaidi kabla ya upasuaji, kwa kuwa chembe nyekundu za damu zikihifadhiwa vizuri hukaa takriban wiki tano, na kila mmoja ale ashibe na anywe maji ya kutosha kabla ya kwenda.

Tena, mtu akikataa kuchangia au akirudi akisema hakufaa, msimuulize sababu mbele ya watu wala nyuma yao. Huenda anajua jambo la afya yake ambalo hana deni la kuwaeleza. Mpeni kazi nyingine, ya kubeba chakula au kulala na watoto, na mambo yaishe.

Ujumbe unaofanya kazi ni mfupi na una siku, saa na mahali. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyekuja kutuokoa, aliandika hivi:

"Shikamooni wakubwa, habari zenu wenzangu. Mama yetu wa Chemchem atafanyiwa upasuaji tarehe 14. Tunahitaji watu 8 wa kuchangia damu Jumatano, saa 3 asubuhi, tutakutana getini. Umri 18 hadi 65, kilo 50 na zaidi, uwe umekula. Anayeweza aniandikie jina lake. Wamefika 3, bado 5."

Maneno "bado 5" yalifanya kazi kuliko yote, kwa sababu mtu akiona pengo lina idadi hujiona ndani yake.

Hatua ya 5: Fedha na msimu wake

Orodhesheni mahitaji kwa bei, jumlisheni, toeni mlichonacho wenyewe, na kinachobaki ndicho kiwe ombi. Familia inayoomba bila kutaja ilichokwisha kutoa huonekana inawatwika wengine mzigo wake. Anzeni na mfuko wa jamii wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa) au kikundi kingine ambacho mgonjwa mwenyewe amekuwa akichangia, kwa kuwa hapo haombi hisani, anadai haki yake. Someni katiba ya kikundi, maana baadhi hulipa kwa kulazwa na nyingine kwa msiba tu. Baada ya hapo njooni kwa ukoo, kisha jumuiya ya kanisani au msikitini, kisha mtaa.

Katika mkoa huu kalenda ya fedha ni kalenda ya shamba. Mjomba anayelima tumbaku Urambo au Kaliua, ukimwomba Januari, unamkuta ana deni la pembejeo na mikono yake imo kwenye matuta. Atasema hana, na atakuwa anasema kweli. Mwombe ahadi itakayotimizwa masoko yakifunguliwa na AMCOS yake, yaani chama chake cha ushirika cha wakulima, ikilipwa, uiandike kwenye daftari mbele yake, kisha ninyi mkope sehemu hiyo kwa mtu wa mshahara. Au mwombe alichonacho: debe la mahindi, kuku, galoni ya asali. Asali ya Sikonge ilitulipia dawa za siku tatu, kwa sababu shemeji aliiuza sokoni badala ya kuipanga kabatini.

Msikimbilie kuuza shamba au ng'ombe wa maziwa kabla hamjasikia jibu la watu wote mliowaomba. Mnunuzi anajua mna haraka, na bei atakayotoa itaonyesha kwamba anajua.

Kila anayetoa aandikwe siku hiyohiyo, jina na kiasi, hata kama ni shilingi 1,000. Picha ya mgonjwa akiwa kitandani isisambazwe ili kuwatia watu huruma. Anayetaka kutoa atatoa bila kuona mirija.

Hatua ya 6: Mpeni kila anayesema "tupo pamoja" kazi yenye jina

Andikeni kwenye karatasi kazi zote ambazo mgonjwa huzifanya bila kuonekana, na mtashangaa urefu wake: kuchota maji, kuwaamsha watoto shule, kufungulia mbuzi, kumpa bibi dawa ya presha, kufungua genge. Halafu ongezeni za hospitali, yaani chakula cha asubuhi, mchana na jioni, kufua kanga na shuka, na zamu za usiku. Jirani anaposema "mkihitaji chochote semeni", msimamizi ajibu hapohapo, "Ahsante mama Asha, Alhamisi mchana utatuletea wali na mchuzi wa kuku usio na pilipili?" Wengi hufurahi kuambiwa. Neno "chochote" walilitumia kwa kukosa la kusema.

Zamu ya usiku isizidi mbili mfululizo kwa mtu mmoja. Anayekesha siku ya tatu hulala sakafuni asisikie mgonjwa akiita, na dripu ikiisha hakuna wa kumwambia muuguzi.

Viongozi wa dini waambiwe mapema nao, kwa kuwa dua na maombi humtuliza mgonjwa, na mgonjwa aliyetulia huelewa maelekezo anayopewa. Waombeni waje siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya upasuaji. Akitokea yeyote, awe wa dini au wa mitishamba, anayemwambia mgonjwa aahirishe upasuaji ili aponywe kwa njia yake, msimamizi amshukuru na kumsindikiza hadi barabarani. Kama mgonjwa amekwisha kunywa dawa za miti, mwambieni daktari wa usingizi bila kuona haya, pamoja na vidonge vyote vya dukani, kwa sababu baadhi huzuia damu isigande na nyingine hugongana na dawa za nusu kaputi. Mvutaji aache tumbaku mapema iwezekanavyo. Kuacha wiki nne kabla ya upasuaji hupunguza matatizo ya mapafu na ya kidonda.

Hatua ya 7: Siku ya mwisho kabla ya upasuaji

Hapa msaada mwingi huweza kudhuru, nasi tulionja. Tarehe ya kwanza ya upasuaji wa mama iliahirishwa kwa sababu ya kikombe cha uji. Mama mdogo alifika alfajiri na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi wenye maziwa, akamkuta dada yake anasema ana njaa, akammiminia kikombe kimoja na kumwambia anywe upesi kabla muuguzi hajapita. Alifanya hivyo kwa upendo, na hakuna aliyekuwa amemwambia sababu ya kufunga, mimi nikiwa wa kwanza kutomwambia. Mgonjwa akilazwa kwa nusu kaputi, koo lake hupoteza kinga, na chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, jambo linaloweza kuua. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 au zaidi kabla ya upasuaji na maji matupu saa 2, lakini maelekezo ya hospitali yenu ndiyo ya kufuatwa. Ikitokea mgonjwa amekula, semeni. Mama mdogo alisema mwenyewe, huku analia, na daktari akamshukuru.

Kwa hiyo siku hiyo msimamizi atume ujumbe kwa wote kwamba hakuna chakula wala kinywaji kitakachopelekwa hadi atakapotangaza. Hereni, bangili, meno ya bandia na hirizi zibaki nyumbani kwa mtu anayeaminika. Rangi ya kucha ifutwe, na mwanamke aliyepangiwa upasuaji asipake piko vidoleni hata kama wiki hiyo kuna harusi, kwa kuwa kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa ya oksijeni kinaweza kushindwa kusoma vizuri. Mlangoni pa chumba cha upasuaji wawepo wawili au watatu tu, mmoja akiwa na simu yenye chaji. Wengine wangoje nyumbani.

Hatua ya 8: Andaeni nyumba kabla hajarudi

Choo kiangaliwe kabla ya kitanda. Mtu aliyeshonwa tumbo au nyonga hawezi kuchuchumaa juu ya choo cha shimo, na familia nyingi hugundua hilo usiku wa kwanza. Fundi seremala wa Kanyenye alichukua kiti chetu cha mbao, akakata tundu la duara katikati, akalainisha kingo kwa msasa na kuongeza mikono miwili ya kushikilia. Kazi ilimalizika kwa jioni moja, na malipo yake yalitolewa na jirani aliyekuwa akiuliza alete nini hospitali. Mwombeni mtu mmoja gharama hiyo mapema. Mwingine aombwe bajaji au gari la kumrudisha, kwa sababu bodaboda na kidonda kibichi haviendani.

Mgonjwa wa upasuaji mkubwa wa tumbo huzuiwa kubeba vitu vizito kwa wiki kadhaa, mara nyingi 6, kwa hiyo zamu za maji na kuni zipangwe kwa muda huo wote, si kwa siku tatu za kwanza ambazo kila mtu yupo. Wanaokuja kumjulia hali wapangiwe saa za jioni. Na wote wanaomhudumia wafundishwe dalili za kumrudisha hospitali bila kungoja kesho: homa, usaha au harufu kwenye kidonda, kidonda kufunguka, kuvimba na kuuma mguu mmoja, kupumua kwa shida, au tumbo kujaa na kutapika.

Hatua ya 9: Someni hesabu

Mgonjwa akishaweza kukaa kibarazani, waiteni waliochanga, hata kama ni kwa kikombe cha chai tu, na mtunza fedha asome daftari kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki, risiti zikiwa mezani. Ahadi ambazo hazijatimizwa zisisomwe kwa majina. Kwetu zilibaki shilingi 38,500. Mama akauliza kama inafaa zitumike kulipia nauli ya mwanamke wa kitanda cha jirani wodini, aliyekuwa ametoka kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui na hakuwa na mtu wa kumrudisha. Wakakubali, na mtunza fedha akaandika mstari huo naye.